Bi. Purnakala, Katibu Aliyehesabu Meko

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Purnakala Thapaliya, katibu wa kata yetu ya Kaulethok, anastaafu siku ya mwisho ya mwezi wa Asar wa kalenda yetu, katikati ya Julai. Ofisi itapoa sana, maana Dada Purnakala hucheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe.

Alianza kama karani wa vizazi na vifo. Nusu ya vijana wa kata hii aliwaandika kwa mkono wake, na anakiri kwamba watatu kati yao aliwazeesha kwa mwaka mzima.

Lakini kazi tunayomkumbukia ni ile ya baada ya tetemeko la ardhi lililobomoa nyumba zetu. Wengi hudhani kijiji huinuliwa na saruji. Saruji hufuata orodha ya kaya za kusaidiwa; asiyeandikwa hajengewi. Na orodha ya kwanza, aliyoiandaa yeye mwenyewe, ilikuwa na kosa: alihesabu mapaa. Kwetu ndugu wawili huishi chini ya paa moja wakiwa na meko mawili, na kila jiko ni kaya yake. Hivyo Suntali Thami, mjane aliyeishi nyumba moja na shemeji yake, akaachwa nje, na orodha ilibakiza siku tano kufungwa.

Dada Purnakala alisimama mbele ya watu akasema, "Nimekosea mimi, msiisingizie kompyuta." Kisha akaitisha ushahidi wa majirani, palepale kwenye kifusi. Shemeji mtu, Jit Bahadur, akihofia fungu lake lingegawanywa, akashikilia kwamba walipika pamoja. Bibi Maili, jirani yao, akamdaka: "Wee Jite! Mkeo akikununia ulikuwa unakimbilia wapi kula ugali wa wimbi? Si kwa shemejio?"

Watu wakaangua kicheko. Jit akakuna kichwa: "Haya bibi, yaishe. Dengu zake ni tamu kuliko za kwangu." Akawa wa kwanza kutia dole gumba kwenye karatasi ya ushahidi.

Siku nne zilizobaki, Dada Purnakala alizunguka kata nzima kwa miguu, akapata meko mengine kumi na sita yaliyosahauliwa. Kaya zote kumi na saba zina nyumba leo.

Dada, asante kwa kutufundisha kwamba ofisi inaweza kukosea hadharani na kujisahihisha hadharani. Tunakuombea afya, usingizi mnono na magoti yasiyouma. Jumamosi unangojewa kwa Suntali. Hakuna karatasi ya kutia sahihi. Njoo na njaa tu.