Pomalo ya Roko

Upepo wa bura ulikuwa umeanza kuporomoka kutoka milimani, na feri ya kwenda kisiwa cha Brač ikaanza kuyumba. Jure, baharia aliyekuwa akikaza kamba za baiskeli za watalii, alisikia kila neno, maana Bi Nedjeljka hakujua kunong'ona.

"Mwanangu yuko kule juu mlimani kisiwani, anaongoza Wadachi kumi na wawili, wote juu ya baiskeli," alimwambia mzee asiyemjua aliyeketi kando yake. "Nimempigia, nikamwambia, Roko, shukeni, bura inakuja. Unajua kanijibu nini? 'Pomalo, mama.' Akakata."

"Basi tulia, dada. Pomalo ni taratibu. Kashuka zamani, anakunywa kahawa."

"Au ni kuniambia nimwache, anaendesha!"

"Wewe mzaliwa wa hapa, leo pomalo ikutishe?"

"Ndiyo inanitisha. Marehemu baba yake alinijibu hivyo hivyo, akang'oa nanga, hakurudi."

Mzee akavua kofia. Jure alitamani aendelee kubisha.

Feri ilipogusa gati, Jure akaenda kushusha mlango. Bi Nedjeljka akamdaka mkono. "Wewe kazi yako ni ya baharini, kwenye upepo. Ukimwambia mama yako pomalo, huwa umeacha kazi ukakaa?"

Asubuhi ile ile Jure alikuwa amemjibu mama yake "pomalo", simu ikiwa begani, mikono yote miwili ikivuta kamba.

"Huwa nimekaa, mama," alisema, akageuka kubonyeza kitufe cha mlango ili asimtazame usoni.