Chumvi ya Mama Belaynesh

Ubavuni mwa kituo cha afya, nyuma ya soko la Jimma, Mama Belaynesh hutandaza majani mabichi chini, akaweka jiko, birika jeusi la udongo la kahawa na benchi lenye tofali badala ya mguu wa nne. Asubuhi hiyo benchi lilibeba vichwa viwili vizito, maana jana yake palikuwa na harusi na pombe ya asali ilinywewa kama haina mwenyewe. Katikati ya vichwa hivyo alikaa Tsigereda, binti wa mtaa huohuo, anayesomea chuoni namna dawa zinavyoagizwa, kutunzwa na kugawiwa hadi zimfikie mgonjwa. Kesho alitakiwa asimame mbele ya walimu wake aeleze kwa nini dawa ya chumvi, zile pakiti wanazokorogewa watoto wanaoharisha, hufika kituoni na kwisha wiki hiyohiyo. Akishindwa, anarudia mwaka. Alikuwa amezifuata kutoka bohari kuu hadi dirisha la dawa la kituo na hakuona tundu. Basi akaona bora aulize benchi.

Wa kwanza kumrukia alikuwa Tekalign, kinyozi. Wanamwita Sindano kwa kuwa haamini dawa isiyochoma.

SINDANO: Ngoja kwanza. Unasomea dawa, na sindano huchomi?

TSIGEREDA: Sichomi.

SINDANO: Vidonge hutengenezi?

TSIGEREDA: Sitengenezi. Nahakikisha vinafika.

SINDANO: Kumbe utingo! Miaka yote hiyo chuoni, unasomea utingo!

Mzee Gobena, dereva wa lori mstaafu ambaye kwa mwendo wake aliitwa Pailoti, alicheka, kisha akajishika kichwa.

PAILOTI: Mama, nitilie ile chumvi yako. Kichwa kinapiga ngoma.

Mama Belaynesh alichota unga mweupe kwenye kopo, akaukoroga katika glasi ya maji. Mtaa mzima ulijua hakuna kinachoondoa pombe kichwani kama chumvi ya Mama Belaynesh. Hata Tsigereda aliwahi kuinywa, baada ya harusi ya kaka yake, na akaisifu.

PAILOTI: Sasa nisikilize, mwanangu. Njia ile naijua. Ukishuka bonde la Gibe, joto lake si la mchezo. Chumvi inatoka jasho, pakiti zinafika tupu.

TSIGEREDA: Babu, nimezipima. Zinafika zimejaa.

SINDANO: Basi panya.

PAILOTI: Panya na chumvi wapi na wapi?

SINDANO: Panya wa kituoni si wa kawaida. Wameishi na wauguzi miaka mingi, wamesoma! Akila kidonge kibovu, tumbo likivurugika, anajikorogea.

PAILOTI: Anajikorogea kwa kijiko gani?

SINDANO: Kwa mkia!

MAMA BELAYNESH: Acheni upuuzi. Ni fisi.

TSIGEREDA: Mama, na wewe?

MAMA BELAYNESH: Fisi anajigeuza mtu. Gari la dawa likifika tu, anapanga foleni, anashika tumbo, analia, anapewa pakiti zake, huyo anakwenda.

SINDANO: Mbona unanitazama mimi?

Tsigereda alicheka mpaka kahawa ikampanda puani. Kwa dakika kadhaa akasahau kabisa kwamba kesho ipo.

Hapo akatokea mkulima mmoja, Mzee Kedir, amembeba mjukuu wake ndani ya shuka. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka na macho yameingia ndani.

KEDIR: Jamani, maji kidogo ya mtoto. Anaharisha tangu jana, na dirishani wanasema pakiti zimekwisha.

Mama Belaynesh akainuka haraka. Mzee Kedir hakumtazama yeye. Alikuwa akitazama majani, pale miguuni pa Tsigereda, akainama akaokota pakiti iliyochanwa. Akaangalia glasi ya Pailoti.

KEDIR: Si ndiyo hii?

Mama Belaynesh akalifunika kopo lake.

KEDIR: Poleni sana. Ni nani kati yenu anaharisha?

Sindano akachunguza kucha zake. Pailoti hakujua aiweke wapi ile glasi. Tsigereda alisikia aibu ikimpanda hadi masikioni: ameihoji bohari nzima, na dawa yenyewe alikuwa ameikanyaga kwa kiatu.

Mama Belaynesh akachomoa kifurushi chini ya kigoda chake, kimejaa pakiti nzimanzima. Tsigereda akasoma tarehe, akaziona ni nzuri, akanyoosha mkono kwenye jagi la maji yaliyochemshwa yakapoa.

SINDANO: Hayo ni ya kahawa ya tatu, kikombe cha baraka! Tutaondoka bila baraka?

MAMA BELAYNESH: Funga mdomo.

Tsigereda akamkorogea mtoto lita nzima. Mtoto akanywa kijiko, akanywa cha pili, kisha akaivuta glasi mwenyewe. Mzee Kedir akaachia pumzi, na benchi likapiga makofi kama kule harusini. Tsigereda akampakia mzee mzigo wa pakiti, zilizobaki akazirudisha dirishani, akarudi amejishika kiuno.

TSIGEREDA: Kesho tunakwenda wote chuoni.

PAILOTI: Tukafanye nini?

TSIGEREDA: Mimi nitawauliza swali la Mzee Kedir. Nyinyi mtajibu, walimu wasikie.

Sindano akakumbuka ana mteja. Pailoti akajikunja polepole, akashika tumbo kwa mikono miwili kama alivyozoea kwenye foleni ya dirishani.

PAILOTI: Mwanangu, kesho siwezi. Naharisha.