Diski ya Edward na Ng'ombe wa Mughwai

Kijiwe chetu cha Mkiwa, pale njia zinapoachana, kina benchi moja linaloyumba na birika la kahawa la Urbano. Zamani Edward alikuwa hakosi. Alikuwa anaturekodi tukibishana, sauti zetu anazitia kwenye kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na kiwiliwili, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Alitutoka binti yake angali mgongoni kwa mama. Juzi kompyuta yake ya mezani ilianza kukata roho, Derick fundi simu akaihamishia ile pepe kwenye laptop yake. Tangu hapo imegoma. Sauti zile hazina nakala nyingine, na mimi nazitamani mno, sifichi.

— Inaanza vizuri, halafu inasema haioni diski yake kuu, alisema Derick, laptop magotini. Na diski ninayo humu humu, nzima!

— Mchwa, alisema Lazaro, tunayemwita Mkuu kwa sababu alikuwa mwalimu mkuu Ilongero. Walishanilia daftari zima la mahudhurio.

— Mkuu, diski hii haina mbao.

— Mchwa wa siku hizi unawajua wewe?

Urbano akatikisa kichwa.

— Imesusa. Edward alikuwa anaisalimia kila asubuhi. Nyie mmeihamisha hata kuiaga hamna.

— Basi ni setilaiti, Mkuu akapandisha sauti. Zinapita hapo juu zinavuta kila kitu. Mvua mnadhani inakwenda wapi?

Mzee Mughwai akaweka kikombe chini.

— Tulipohama Mungaa, ng'ombe wangu kila jioni walirudi boma la zamani. Wanasimama mlangoni wanalia. Boma jipya lipo, chumvi ipo, wao hawalioni. Na hiyo mashine nayo inarudi kwa Edward.

Tulicheka mpaka benchi likalalamika. Hapo ndipo Happiness, binti wa Edward, akashuka kwenye bodaboda.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Nasikia mnatafuta sauti ya baba. Alikuwa anaongeaje?

— Alikuwa anakokota maneno, alisema Mkuu.

— Wapi! Alikuwa na haraka, alisema Urbano.

Mimi nikafungua kinywa nimuigize, ikatoka sauti yangu mwenyewe. Tumekaa na mtu miaka tisa kwenye benchi moja. Niliona aibu, nikaangalia viatu vyangu.

Derick akamgeukia Mzee Mughwai.

— Mzee, hao ng'ombe uliwafanyaje?

— Nilitangulia na fimbo, nikawaonyesha mlango mpya.

Derick akafungua maelekezo ambayo Edward aliiandikia mashine yake, ya mahali pa kuitafuta diski kila inapowaka. Palikuwa kule kule, kwenye kompyuta ya zamani. Huku kwenye laptop diski ilipewa anwani nyingine. Akafuta ya zamani, akaandika mpya, akawasha. Mistari ikakimbia kiooni, isisimame. Akabonyeza faili la kwanza.

Kikohozi. Kisha sauti nyembamba, ya taratibu kabisa:

— Mzee Mughwai, shikamoo, lakini hao ng'ombe wako leo umewatia chumvi. Urbano, ongeza kahawa.

— Inakuja, Edward, akajibu Urbano, na birika ameshaliinua. Lilikuwa limekauka zamani. Akabaki amelishika hivyo hivyo.

Happiness akasogea, akakaa kwenye benchi kati yangu na Mkuu.

— Rudisha nyuma, kaka Derick. Anzia pale anapokohoa.