Bi Demiana Bishay na Dirisha la Kaskazini

Marehemu Bi Demiana Bishay Gerges alizaliwa mtaa wa Shubra, Kairo, tarehe 12 Mei 1946. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Bishay Gerges, fundi viatu, na Bi Hekmat Yanni. Mimi Labib ndiye kitinda mimba wa nyumba hiyo. Nimepewa kazi ya kusoma haya kwa sababu aliacha neno kwamba Labib hapendi kupoteza muda wa watu.

Mama yetu alifariki mwaka 1958 kwa pumu. Alikuwa ameketi kitandani, mikono imeshika magoti, akiitafuta pumzi asiipate. Aliyekuwa akimpepea ni Demiana, msichana wa miaka kumi na miwili. Kwa hiyo nikisema dada yangu hakuogopa kufa, nasema kweli. Aliogopa kufa vile, na woga huo aliubeba kwa muda mrefu wa maisha yake.

Alisoma shule ya masista pale Shubra hadi mwaka 1961. Hesabu alizijua, na sindano aliijua zaidi. Mwaka 1963 aliajiriwa kwenye kiwanda cha mashati Shubra al-Kheima, akaanza kwa kukata nyuzi na kuishia msimamizi wa kitengo cha kola. Sitasema alikuwa malaika. Aliyewahi kwenda naye kununua kitambaa anakumbuka: aliuliza bei, akacheka, akaondoka, na mwenye duka ndiye aliyemfuata barabarani.

Tarehe 16 Novemba 1969 alifunga ndoa na Wadie Roufail, dereva wa basi la mji, mtu mpole aliyekuwa akinuka dizeli hata siku ya Krismasi. Walijaliwa watoto wawili, Ishaq na Irini. Wadie alitutangulia mwaka 2016.

Pumu ya mama ilimfikia Demiana alipokaribia miaka arobaini na mitano. Daktari alimwambia ahame mji, akatafute hewa safi. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi mwaka 1996 alichukua kiinua mgongo chake, na mwaka uliofuata yeye na Wadie wakanunua kishamba na nyumba hapa Kafr Qulta, kusini mwa Kairo, nami nikahamia nao. Bei ilipanda kidogo kwa sababu nyumba inatazama kaskazini, unakotoka upepo wa ubaridi. Nani kati yetu asingelipa? Tangu babu zetu, mwenye dirisha la kaskazini ndiye mwenye nyumba, wengine wana kuta tu.

Majira ya baridi ya kwanza alipumua kama msichana. Kiangazi kilipoingia, akaanza kuzidiwa kuliko alivyowahi kuzidiwa Shubra. Naye, kwa kufuata agizo la daktari, kila baada ya chakula cha mchana alibeba kiti chake hadi darini, juu ya paa bapa, akakielekeza kaskazini, akaketi mpaka machweo akivuta upepo kwa bidii. Kadiri kifua kilivyombana ndivyo alivyoongeza kuvuta. Mbingu ilikuwa bluu, moshi hakuna, takataka zinazochomwa hakuna. Wengine walisema ni husuda, maana wageni wamepata nyumba nzuri. Akatundika shanga ya bluu ya kukinga jicho baya juu ya mlango. Kifua hakikuitambua.

Kisha mlenda aliolima pale shambani ukaanza kutoka madoa. Majani yalikuwa na nukta ndogo za rangi ya shaba, kana kwamba mtu amezinyunyiza kwa brashi, na sokoni nilikoupeleka walinishusha bei. Hapo dada yangu akapata mtu wa kumshika: jirani yetu Haji Metwalli, mwenye bomba la kupulizia dawa. Aliamini sumu ya Metwalli inaunguza majani asubuhi na mapafu yake alasiri. Alimwambia Wadie kwamba akifa kama mama yake, basi ameuawa, na muuaji anaishi ng'ambo ya mfereji. Wadie alitaka wauze, warudi mjini. Yeye alikataa kuuza kabla hajasikilizwa.

Kwa desturi yetu jambo kama hilo halianzii polisi. Julai 1999 liliitishwa baraza la usuluhishi kwenye ukumbi wa wageni wa mkuu wa kijiji. Haji Metwalli alikuja na gunia begani.

"Mama Ishaq," alisema, "wallahi bomba langu halijatoka stoo tangu Idi."

"Majani yangu yamejichoma yenyewe, Haji?"

"Yako na yangu pia." Akamimina gunia katikati ya ukumbi. Ulikuwa mlenda wake, nao una madoa yaleyale. "Au nimejipulizia mwenyewe ili nikukomoe? Mimi nimekuja kumshtaki mumeo. Mashine yake ya maji inatoa moshi kama treni."

Watu waliangua kicheko, isipokuwa hao wawili. Wazee wakamwita bibi shamba wa wilaya, Nihal Sabri, binti mdogo wakati huo, miwani kubwa. Aliyageuza majani. Madoa yalikuwa juu tu, katikati ya mishipa, chini ya jani pakiwa safi, na majani makongwe yameathirika kuliko machanga. Akasema dawa ikidondoka haichagui hivyo. Kisha akamwacha Metwalli na mlenda wake, akamgeukia dada yangu.

"Kifua kinakubana saa ngapi, mama?"

"Alasiri. Nikiwa darini napunga upepo."

"Unatazama upande gani?"

"Kaskazini, mwanangu. Kwani kuna upande mwingine?"

"Na Kairo iko upande gani?"

Ukumbi mzima ulijua Kairo iko wapi.

Nihal alieleza, nami naeleza kama nilivyomwelewa. Magari na viwanda vya mji hutoa moshi tangu asubuhi. Jua kali huupika moshi ule ukiwa njiani, ukageuka gesi iitwayo ozoni, isiyo na rangi wala masizi. Ile iliyo juu kabisa angani inatukinga na jua. Hii ya chini inachoma. Huchukua saa kadhaa kuiva, na upepo wa kaskazini huileta kwetu ikiwa imeiva, ndiyo maana adhuhuri na alasiri za kiangazi sisi wa shamba tunaweza kuivuta nyingi kuliko aliyesimama katikati ya mji. Huingia kwenye jani kupitia vitundu vyake vya kupumulia, na kwa binadamu hufanya vivyo hivyo: njia za pumzi huvimba, mwenye pumu huzidiwa, na mzima hukohoa asijue kwa nini. Hata ngano hupungua gunia bila mwizi. Jua likizama hupungua.

Shemeji Wadie alivua kofia yake. "Miaka thelathini nimeendesha basi Kairo," alisema. "Kumbe moshi wangu ulikuwa unanifuata kwa miguu."

Dada yangu hakucheka bado. "Kwa hiyo si husuda?"

"Si husuda, mama."

"Na si Haji?"

"Siye."

"Na huja kwa saa zake?"

"Kwa saa zake."

Nilimwona akishusha mabega, nadhani mara ya kwanza tangu mwaka 1958. "Ashukuriwe Bwana," alisema. "Kinachokuja kwa saa huepukwa kwa saa. Haji, nisamehe. Gunia lako lichukue, lakini usiniuzie."

Ugomvi ukaisha kwa chai. Kuanzia siku hiyo alifanya biashara na jua. Kiangazi alikuwa shambani alfajiri, mlenda ukakatwa ungali mchanga, na ifikapo adhuhuri dirisha la kaskazini, lile walilolilipia zaidi, lilifungwa hadi machweo. Mke wa Metwalli, Bi Wagida, aliingia kabla halijafungwa na kutoka lilipofunguliwa, na habari zote za kijiji zilishonwa humo ndani. Dawa ya kuvuta aliitumia kama alivyoelekezwa. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani alipona kwa mapazia. Pumu ilibaki, lakini ikawa na adabu.

Masharti yake hayakumwacha mtu. Uchumba wa Ishaq ulipangwa Julai saa kumi alasiri. Alituma salamu kwa wakwe kwamba bwana harusi atakuja na mama yake jioni, au aje alasiri na baba yake tu. Wakasogeza. Mwalimu mkuu wa shule yetu alisumbuliwa miaka miwili mpaka mechi za watoto zikahamia asubuhi.

Jumatano, tarehe 13 Agosti 2025, tukiwa katika mfungo wa Bikira, alifungua dirisha baada ya jua kuzama, akala mlenda usio na nyama akiulalamikia, akaegemea mto. Irini alikuwa karibu naye. Moyo ulisimama. Hakukohoa, hakushika magoti, hakutafuta kitu. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa, na alichokiogopa hakikumpata. Ndiyo maana leo mkiniona macho makavu, msinifikirie vibaya. Nimefarijika.

Ndugu wa Kairo waliomba mazishi yawe saa tisa alasiri ili wafike bila haraka. Padri wetu, Baba Makari, alikuwa tayari kukubali. Nilimwonyesha Irini, ambaye amerithi kifua kilekile, nikampa maneno ambayo marehemu alinikabidhi mwaka jana: "Nizikeni asubuhi. Mimi hewa sitaihitaji, lakini mwanangu atakuwa amesimama pale." Hivyo ndugu wa Kairo wameamka mapema, na wamefika.

Ameacha mwana, Ishaq, na binti, Irini, wajukuu watano na kitukuu mmoja, mimi mdogo wake, Bi Wagida, na Haji Metwalli, aliyesema nisipomtaja hatanisalimia tena.

Bwana aipumzishe nafsi yake penye upepo mwema. Nasi tukimaliza, tuingie ndani kabla ya adhuhuri, kama alivyoagiza.