Mgeni Ndani ya Kompyuta ya Halidi

Miaka ile viwanda vya Morogoro vinauzwa na kompyuta za mtumba zinaingia, kijiwe cha Bigwa kilikuwa na benchi moja, birika la kahawa la Rehani na wabishi wasiochoka. Siku hiyo Mzee Kondo, aliyepunguzwa kazi kiwandani, alikaa pembeni kahawa ikimpolea mkononi. Arobaini ya mkewe Mwaisha ilikuwa imekwisha jana yake. Nyumba na shamba pale mlimani ni vya ukoo wa Mwaisha, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na mume aliyefiwa huaga akarudi kwao. Hidaya, binti wa mdogo wake Mwaisha, angeshuka na neno la ukoo. Mzee roho ilikuwa juu.

Halidi, fundi kompyuta, ndiye aliyeanzisha.

— Mashine yangu inajikokota kwa sababu nimeweka kompyuta nyingine ndani yake. Ya nje inaitwa mwenyeji, ya ndani mgeni. Memori ni ile ile moja, wanagawana.

— Acha kamba, akasema Pazi, waliyemwita Spidi kwa uvivu wake wa kutembea. Hiyo ya pili umeiweka wapi, kwenye droo?

— Haishikiki, Spidi. Ni programu tu, ila yenyewe inajiona kompyuta kamili.

— Kwa hiyo mgeni hajui kama ni mgeni?

— Hajui kabisa. Memori aliyopewa anadhani yake. Mwenyeji akibanwa, anamwomba arudishe kidogo.

Mzee Kondo akainamisha kichwa. Miaka yote ile akipalilia migomba, naye alijiona yuko kwake.

Agustino, aliyeitwa Wakili kwa kuwa aliwahi kufagia mahakamani, akakohoa.

— Kisheria, mgeni akiikalia memori miaka kumi na miwili, ni yake. Afungue kesi.

— Mimi ningeweka mgeni ndani ya mgeni, akasema Spidi, mpaka Bigwa nzima iingie kwenye kompyuta moja. Mlima tunamkodisha mwekezaji, sisi tumo ndani tunakunywa kahawa.

Wakacheka. Mzee hakucheka.

— Halidi mwanangu, mwenyeji akizimika, mgeni anakwenda wapi?

Halidi akajua swali limetoka wapi.

— Anazimika naye, mzee, akajibu taratibu.

Hapo Hidaya akatokea, jembe begani.

— Shikamoo, baba mkubwa.

— Marahaba, mwanangu. Ukoo umesemaje? Mizigo nimeshafunga.

— Nimeiona mlangoni. Nimeifungua. Hivi nani kakwambia wewe ni mgeni?

Spidi akachungulia kikombe. Rehani akainamisha birika, halikutoa kitu.

— Wajomba wamesema ulime, akasema Hidaya. Migomba ya mama mkubwa imesongwa na majani mpaka aibu.

Akamshushia jembe mapajani. Lilikuwa la mzee mwenyewe, lile alilokuwa amelirudisha stoo ya ukoo jana yake. Mzee Kondo akalikumbatia na kulia mbele za watu wote.