Castory Kapinga, Aliyemtazama Anayesimama Nyuma

Ndugu waombolezaji, mfikirieni marehemu anavyoingia mahali. Taarifa ya habari imeshaanza, watu wamekaa, chai imemiminwa. Castory amesimama mlangoni, kofia mkononi, hakai. Kwanza anawatazama waliomo, mmoja baada ya mwingine. Kisha anaitazama televisheni, ambako kiongozi fulani anaeleza kwamba bei ya sukari itashuka. Anavuta kiti, anakisogeza mpaka ukutani ili mtu asipite nyuma yake, anakaa, ndipo anasema: "Mbona mnamtazama anayesema? Huyo kashafanya mazoezi. Mtazameni aliyesimama nyuma yake. Yule hajui kama anaonekana."

Na kweli ukimtazama yule wa nyuma, unamkuta anaangalia saa, au anaangalia viatu vyake, au ndiyo kwanza anasikia habari ya sukari kama wewe.

Castory Kristofa Kapinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika kambi ya shamba la mkonge wilayani Muheza. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Kristofa Kapinga, mkata mkonge aliyefika Tanga kutoka Umatengo kule kusini, na marehemu Bibiana. Tarehe hiyo ni ya cheti cha ubatizo, na tunaisoma kwa ruhusa yake, kwa sababu mwenyewe hakuiamini hata siku moja. Alidai kwamba katekista wa kambi aliandika watoto siku anayopata wino, ndiyo maana nusu ya rika lake walizaliwa Machi. "Mama aliniambia nilizaliwa mvua inanyesha," alikuwa akisema, "na Machi ile ilikuwa kavu." Mama Bibiana alimjibu mara moja tu: "Na wewe ulijuaje, baba? Ulikuwa umechungulia?"

Alianza masomo ya msingi mwaka 1966 katika shule ya kambi na kuyamaliza mwaka 1972. Wenzake aliosoma nao hawajasahau siku aliyokuja mkaguzi. Asubuhi ile kila mtoto alikabidhiwa daftari jipya la kushika mbele ya mgeni. Mkaguzi alifurahi, akahutubia, na alipokuwa anaaga Castory akanyoosha mkono. "Shikamoo mwalimu mkuu wa walimu. Haya madaftari tunayarudisha leo au kesho?" Alichapwa kwa swali hilo. Lakini tangu siku ile mkaguzi akija, mwalimu alihakikisha Castory ametumwa kuchota maji.

Mwaka 1985 alisikia habari za binti mmoja wa kambi ya jirani, Praxeda, aliyesifiwa sana na shangazi zake. Sifa zilikuwa nyingi mno, akashuku. Akaenda mwenyewe kuomba maji ya kunywa, kama mpita njia. Wiki iliyofuata akapita tena na kiu. Mara ya tatu Praxeda akampa maji ya moto kwenye kikombe cha bati, akasema, "Karibu mchunguzi. Ukimaliza kupuliza utueleze umeona nini." Walifunga ndoa takatifu huko Muheza tarehe 20 Septemba 1986, na Mungu akawajalia Robert na Queen. Wakahamia Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, nyumba ya kupanga ambayo baadaye waliinunua, wakaishi katikati ya Wadigo, Wabondei, Wapemba na Waarabu, hadi watu wakasahau kwamba walikuja kutoka kambini.

Kazi ya maisha yake ilikuwa katika kiwanda kimoja cha magunia hapa mjini, alikoajiriwa mwaka 1979 akiwa kijana wa kufagia vumbi la katani. Akajifunza mitambo ya kufuma, akawa fundi, akawa msimamizi wa zamu, na mwisho wafanyakazi wakamchagua mjumbe wao. Walimchagua kwa sababu hiyo hiyo ya kutoamini. Meneja akisema "sisi hapa ni familia moja," Castory alikuwa akiuliza, "Basi nani ni mtoto wa kambo?" Wageni wakiletwa kutembezwa kiwandani, alizima mtambo wake na kuwatazama, maana wageni wanaopima kuta kwa macho si wageni wa kununua magunia.

Hapa lazima tumtaje Yakoub. Yakoub Ame, mtu wa Pemba, alifanya kazi kwenye mtambo wa jirani na Castory tangu miaka ya tisini. Walikula pamoja na kunywa chai pamoja. Mwezi wa Ramadhani Castory alijificha nyuma ya marobota ya katani kunywa chai yake, na Yakoub alikuwa akipita akisema kwa sauti, "Mie sijaona mtu. Naona moshi tu wa kikombe." Krismasi mabinti wa Yakoub walikula kwa Praxeda. Idi Queen na Robert walikula kwa Mwatum, mke wa Yakoub. Ulikuwa urafiki ambao hata Castory hakuutilia shaka, na kwa Castory hilo si jambo dogo.

Mwaka 2015, mwaka wa uchaguzi, uongozi wa kiwanda ulifunga televisheni kubwa kwenye bwalo la chai. Wafanyakazi wakapiga makofi. Castory aliizunguka, akatazama nyaya, akasema, "Mwajiri hakuletei televisheni ili uone. Anakuletea ili akuone unasemaje ukiona." Hata hivyo naye alikaa mbele yake kila mapumziko, na maneno yake juu ya wagombea, watangazaji na wachambuzi yalipendwa kuliko habari zenyewe. Watu walikuwa wakikatisha kazi kwenda kumsikia.

Basi siku moja lilibandikwa tangazo kwamba saa za ziada zimepunguzwa kwa faida ya afya ya wafanyakazi. Castory akamwinamia Yakoub, wawili wao, wengine wakiwa wanatazama mpira, akamwambia kwamba uongozi unawamenya kama viazi: leo ganda jembamba, kesho ganda jembamba, na kila siku wanaambiwa ni usafi, mpaka siku mtu atakapojikuta yumo kwenye mafuta. Yakoub alicheka hadi chai ikampalia.

Siku chache baadaye meneja alimwita Castory ofisini, akamkaribisha kiti, akatabasamu. "Mzee Castory, nasikia tunawamenya kama mbatata."

Castory alikuwa ameshalikamata neno. Mbatata. Yeye ni Mmatengo wa kambini, kwao ni viazi, na alikumbuka kabisa kwamba alisema viazi. Mbatata ni neno la visiwani. Na katika zamu nzima mtu wa visiwani alikuwa mmoja.

Alivuliwa usimamizi wa zamu, akapelekwa kulinda ghala. Televisheni ikang'olewa. Na Castory, ambaye maisha yake yote alidai uthibitisho wa kila kitu, safari hii alikuwa nao mkononi. Akawaambia wenzake, "Chungeni midomo mbele ya Yakoub. Ushahidi ninao." Walipouliza ushahidi gani, alisema, "Ninao, sisemi." Hakumwambia hata Praxeda. Alihofia akiutoa utafika kwa mwenyewe, naye atajipanga.

Yakoub alimfuata ghalani. Mazungumzo hayo marehemu aliyasimulia mwenyewe kwa familia mwaka huu, kwa hiyo tunayaeleza kama alivyoyaeleza.

"Nimefanya nini, Castory?"

"Unajua."

"Ningejua nisingekuja kuuliza."

"Ndivyo wanavyosema wanaojua."

Yakoub akakaa juu ya robota. "Mie nakujua weye. Ukishashuku, hata malaika akija na kitambulisho utakigeuza kutazama nyuma. Haya. Lakini hawa vijana hawashuku, hawa wanakuamini weye tu. Umewaambia, wameamini. Nitakula na nani?"

Castory akamwambia aende akale na waliomtuma.

Na kweli Yakoub alikula peke yake. Akiingia bwaloni maongezi yalikatika, mtu akaanza kuzungumzia hali ya hewa. Wakampa jina la Redio. Mabinti zake wakaulizwa mtaani kama baba yao anashika stesheni zote. Mwaka 2017 aliacha kazi kabla ya muda wake, akafungua duka dogo la viungo kule Mabawa, na watu wa zamu, wakihitaji hiliki, waliinunua duka jingine, hata la mbali. Castory alistaafu mwaka 2018. Alifanyiwa sherehe, akapewa saa ya ukutani, ambayo aliifungua nyuma siku hiyo hiyo kuona kilichomo.

Maradhi ya moyo yalimwanza mwishoni mwa mwaka 2023. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akawa mtu wa kulala ameegemea mito. Alitibiwa hospitali mbili, na kila kidonge alikisomea karatasi yake kabla hajakimeza. Mwezi Februari mwaka huu daktari alimwambia anaendelea vizuri. Castory hakumtazama daktari. Alimtazama nesi aliyesimama nyuma, nesi akainamisha macho. Jioni alimwambia Queen, "Mwanangu, mpigie kaka yako simu aje. Usimtishe, lakini aje."

Mwezi Aprili Praxeda alimuuliza angependa kula nini, maana chakula kilikuwa hakipandi. Akasema, "Nipikie mbatata, mama Robert. Ziwe laini, na ndimu kidogo."

Praxeda alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia anaitwa.

"Nimesema nini?"

"Mbatata. Na ndimu."

"Mimi husema mbatata?"

"Sasa useme nini?"

"Viazi. Mimi husema viazi."

Praxeda akacheka. "Tangu tuhamie Ngamiani sijasikia viazi mdomoni mwako. Unasema mbatata, nyanya unaziita tungule, unasema kama jirani zako. Ukienda Umatengo wanakuuliza wewe ni wa Unguja au wa Pemba."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini, baba Robert? Kwamba unaongea Kiswahili?"

Aliegemea mito, akafumba macho. Praxeda alidhani pumzi imembana, akamwinua. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, alimweleza mke wake ushahidi wake ulikuwa nini. Aliyelipeleka hakuwa amelibadilisha neno. Alilirudia kama lilivyosemwa, na mwenye neno alikuwa Castory mwenyewe. Mtu aliyesikiliza maneno ya kila mtu hapa mjini hakuwa amewahi kuyasikia ya kwake.

Praxeda alivaa kitenge chake, akaenda Mabawa kwa miguu yake.

Yakoub alikuja kesho yake baada ya sala ya alasiri. Queen alimwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia, "Marahaba mwanangu," akakaa kwenye kiti kilichokuwa ukutani. Castory alitaka kusema lake, pumzi ikamkatalia. Yakoub akamzuia. "Wacha. Mwatum kashanihadithia, naye kahadithiwa na mkeo, kwa hiyo nimelipata pamoja na chumvi. Mie nimekuja kutazama taarifa ya habari. Televisheni ya kwangu imeharibika."

"Imeharibika kweli?"

"Ona huyu. Anakufa na bado anahoji."

Wakatazama. Siku zote zilizobaki Yakoub alikuja jioni, na televisheni yake haikupata fundi. Castory akimwonyesha kwa kidole mtu aliyesimama nyuma ya msemaji, Yakoub ndiye aliyemsemea kwa sauti, maana mwenziwe hakuwa na pumzi ya kutosha.

Jioni moja Yakoub alimuuliza, "Sasa, kama si mie, nani?" Meza ile walikuwa wawili, lakini nyuma yao walipita watu na vikombe vyao. Castory alifikiri, akajibu polepole, "Wapo kama sita. Ninao kichwani." Kisha akaongeza, "Siwataji. Nilitaja mmoja, umeona."

Aliagiza mambo mawili kuhusu wasifu huu. La kwanza, usomwe mbele ya watu wa zamu, wala usisomwe nyumbani kwa faragha. La pili, iandikwe wazi: Yakoub Ame hakupeleka neno lolote popote, na kila aliyemwita Redio alimwita hivyo kwa kumsikiliza Castory Kapinga. Tumeandika, na tumesoma.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, alfajiri, nyumbani kwake Ngamiani, mkewe akiwa kando yake. Ameacha mjane Praxeda; watoto Robert na Queen; mkwe Ritha; wajukuu wanne; na dada yake Ruthi aliyetoka Muheza. Familia inamhesabu pia Yakoub miongoni mwa wafiwa, na ndiyo maana amekaa mstari wa mbele, upande wa kushoto wa jeneza, mnamwona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kumi na Mbili, jumuiya, na wote mliokuja. Mwenyezi Mungu amlaze Castory mahali ambapo hahitaji kuegemeza kiti ukutani, na ampe usingizi usiotaka kuulizia kitu.

Limebaki moja, na hili hakutuachia jibu. Maneno yale yalipelekwa. Aliyeyapeleka alikaa bwaloni na nyinyi, akamwona Yakoub akila peke yake miaka miwili, naye akanyamaza. Tukishafukia kaburi, Yakoub atasimama pale getini kupokea mikono ya pole. Kila mtu wa zamu ile anajua kwamba anapaswa kumwendea, na kila mmoja tunamwona anavyomtazama jirani yake. Basi atakayetangulia kumshika mkono na kumwomba radhi, mtasema ni mtu mwenye moyo safi, au mtasema ndiye?