Fundi Aliyepiga Hodi Kwenye Nyumba Tupu

Mzee Phocas Bimenyimana, fundi seremala wa karakana yetu, anastaafu Jumamosi hii, tarehe 28 Juni 1958, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Bwana Dauda, mwenye karakana, ameniomba mimi, Hitimana mpaka rangi, niandike maneno machache ya kusomwa kwenye sherehe. Ameniomba pia niwe na adabu. Nitajaribu.

Phocas alizaliwa ukingoni mwa ziwa, katika ukoo wa wavuvi. Ndugu zake wanasema alipelekwa kujifunza useremala kwa sababu kila mtumbwi aliopanda ulirudi bila samaki. Aliingia kazini mwaka 1927, karakana ilipokuwa ya marehemu baba yake Bwana Dauda, na kwa muda mrefu alitengeneza meza, vitanda na majeneza, vyote kwa mwendo uleule wa taratibu. Inasemekana mteja mmoja aliyeagiza kitanda cha harusi alikipata akiwa tayari na watoto wawili. Phocas anakana. Anasema mtoto alikuwa mmoja.

Kazi iliyompa jina ni nyumba kuukuu. Mji wetu unazo: zile za mawe meusi ya volkano zilizojengwa enzi za Wajerumani, zikaachwa vita vilipofika ziwani, zikapita mikononi mwa huyu na yule, mwishowe zikabaki za popo na magugu. Mtu akiinunua mojawapo siku hizi, huja kwetu. Na Bwana Dauda humtanguliza Phocas akaone kama nyumba bado inaokoleka.

Kumtazama akikagua ni burudani. Huigonga boriti kwa kifundo cha kidole, huweka sikio, hufumba macho, mpaka utadhani boriti inamnong'oneza habari za majirani. Kule Rubona sakafu ilimmeza hadi kiunoni. Tulikimbia kumvuta, akatukataza. Alisema miguu yake inapapasa mihimili ya chini, na kwamba ule wa kushoto bado mzima. Ukweli ni kwamba ulikuwa mzima, na bado unabeba sakafu ya watu.

Haogopi paa linaloning'inia wala nyuki waliohamia darini. Anaogopa kinyonga. Siku alipomkuta mmoja kwenye fremu ya dirisha, alitutangazia kwamba saa ya kula imefika, na jua lilikuwa halijakausha umande. Hatukubishana naye. Tulikula.

Lakini tabia iliyotuchekesha kuliko zote ni hodi. Phocas haingii nyumba iliyotelekezwa mpaka avue kofia, apige hodi mara tatu na kusubiri, kama mkwe aliyekuja kuposa. Tulimuuliza anamsubiri nani. Alijibu kwamba nyumba ni ya watu hata kama watu hawapo. Siku moja nilijificha nyuma ya dirisha nikamjibu kwa sauti ya mzimu. Aliniambia nitoke, nikalete ngazi.

Mwaka 1952 mfanyabiashara wa kahawa kutoka Bukavu alinunua nyumba kubwa pale Nengo, iliyofungwa miaka mingi. Tulipofika, mizabibu-mwitu ilikuwa imefunika baraza nzima. Phocas akavua kofia, akapiga hodi. Kutoka ndani sauti ikajibu:

"Karibuni. Lakini mupanguse miguu kwanza, nimetoka kufagia."

Alidhani ni mimi tena. Akageuka kunikaripia, akaniona nimesimama nyuma yake na ndoo ya chokaa mkononi. Wenzetu wawili walikuwa wamekwisha kufika barabarani. Phocas akajikung'uta miguu, akaingia.

Ndani alikuwamo mama mmoja mwenye umri, ufagio mkononi. Jina lake Mukashyaka. Zamani alikuwa mpishi wa tajiri wa ngozi aliyeishi humo. Bei ya ngozi ilipoanguka, tajiri alifunga mizigo, akamwachia ufunguo, akamwambia amlindie nyumba mpaka arudi baada ya mvua. Mvua nyingi zilikuwa zimepita tangu hapo. Mukashyaka aliishi kwenye jiko la nje, uani, akilima maharage yake na kuyauza sokoni, na kila asubuhi aliifagia nyumba ambayo hakuwahi kulala ndani yake.

Mwenye nyumba mpya hakutaka kusikia habari hizo. Alitaka jiko libomolewe kwanza, apate mahali pa kuweka gari, na huyo mama aende zake. Bwana Dauda akampa Phocas kazi hiyo. Phocas akaketi kwenye kizingiti cha jiko, tezo magotini.

"Patron," alisema, "mi nilikuja kutengeneza nyumba. Kufukuza mutu sikujifunza."

"Basi acha vyombo," akajibu Bwana Dauda, "urudi kwako mpaka ujifunze."

Bwana Dauda yupo hapa na anajua kwamba sikuongeza neno. Phocas aliweka chini tezo, akaweka randa, akaweka nyundo, vimepangwa vizuri kama vya kuuzwa, akaondoka. Siku ile hakuna aliyecheka. Alikuwa na mke na watoto wanne, na mji huu hauna karakana nyingi za kukimbilia. Sisi tuliobaki tuliambiwa tubomoe jiko kesho yake. Kesho yake, sijui kwa nini, kila mmoja wetu aliugua tumbo.

Phocas alirudi kwa ndugu zake kuvua. Juma zima mitumbwi yao ilirudi mitupu, na wauza samaki wakaanza kuuliza ni lini Bwana Dauda atamsamehe yule fundi wake, maana watoto wao nao wanakula.

Mwishowe Bwana Dauda alikwenda Nengo mwenyewe kuzungumza na Mukashyaka. Alitumaini kuyamaliza haraka. Yule mama alimpitisha chumba kwa chumba. Paa lilikuwa limetoboka kama chujio, na chini ya kila tundu palikuwa na chungu. Kila mvua ilipokatika, aliwahi kuvimwaga vyungu vyote kabla havijafurika. Ndiyo maana sakafu ya mninga ilikuwa bado inang'aa katika nyumba ambayo tulidhani imeoza. Bwana Dauda alimuuliza kama hakuchoka. Alijibu:

"Nilichoka. Lakini ningemupa nani ufunguo?"

Bwana Dauda alipanda baiskeli yake mpaka ziwani. Alimkuta Phocas amejifunga mguu kwa wavu na shemeji yake anaufungua taratibu.

"Bon," alisema Bwana Dauda. "Rudi kazini. Jiko tutaliacha kwanza."

"Na mama?"

"Mama anakungoja. Amesema mulango wa sebule unavimba wakati wa mvua, na kwamba fundi wa kweli angekuwa amekwisha kuuona."

Phocas alirudi siku ileile. Bwana Dauda alimshawishi mwenye nyumba kwamba gari lingekaa vizuri zaidi upande wa pili, penye kivuli. Yule bwana akakubali jiko libaki hadi nyumba iishe, kisha ataamua.

Ile ndiyo kazi bora iliyowahi kutoka mikononi mwa Phocas. Alibadilisha kenchi za paa moja baada ya nyingine bila kuangusha dari la zamani. Alinyoosha misumari ya kale akairudisha kwenye matundu yake. Bawaba alizisugua kwa mchanga mpaka zikaacha kulia. Mukashyaka alimfuata nyuma na ufagio, akimlaumu kwa maranda aliyomwaga, na fundi wetu ambaye hakumsikiliza hata patron alijibu "ndiyo, mama" na kuyaokota. Mimi nilipaka chokaa. Nililaumiwa pia, lakini mimi nimezoea.

Muda wote huo Phocas alikuwa akitunga hotuba. Aliazimia kumwambia mwenye nyumba kwamba nyumba isiyo na moshi wa jiko huliwa na mchwa, kwamba mlinzi kama huyu hapatikani, kwamba Mukashyaka lazima abaki. Aliisema akipiga randa, aliisema akila, na alibadilisha mwisho wake kila Jumatatu. Hata sasa naweza kuisema yote bila kukosea.

Siku ya kukabidhi ilifika. Mwenye nyumba alizunguka vyumbani akigusa kuta, na uso wake ukalainika. Alipofika sebuleni, yeye mwenyewe alimwambia Mukashyaka kwamba jiko halitavunjwa, na kama anataka kubaki, abaki. Phocas alikuwa amekwisha kukohoa ili aanze.

Mukashyaka alifungua pindo la kitenge chake, akatoa ufunguo, akauweka katika kiganja cha yule bwana.

"Asante," alisema. "Mi nilikuwa nangojea mutu wa kuupokea. Sasa iko. Nataka kwenda kwetu."

Kwao ni Mudende, kwa binti ya kaka yake. Phocas alinuna siku mbili. Aliniuliza kama mtu anaweza kuhatarisha kazi yake kwa ajili ya jiko, halafu mwenye jiko aondoke kwa furaha. Nilimwambia inawezekana, nimeona. Siku ya tatu alibeba mizigo ya Mukashyaka kichwani mwake, akapanda naye mpaka Mudende, akilalamika juu ya magoti njia nzima. Huko alikaa kumtengenezea mlango imara, kwa mbao zilizobaki Nengo. Tangu hapo kila mavuno ya viazi huenda kuutazama mlango ule kama umepinda. Haujawahi kupinda. Hurudi na gunia.

Baada ya Nengo ameokoa nyumba nyingine kadhaa, na maseremala wote wa karakana hii walio chini ya miaka arobaini wamefundishwa na yeye, polepole. Hakuna aliyekatika kidole. Hakuna paa lake lililowahi kuanguka.

Mwezi uliopita mkewe, Mama Xavérine, alikuja karakanani amevaa vizuri kama mteja. Alimwambia Bwana Dauda kwamba anatafuta fundi wa nyumba iliyotelekezwa: mlango wa jikoni haufungi, paa linavuja juu ya kitanda, na mwenyewe anasema kila siku kwamba ataitengeneza kesho, tangu mtoto wao wa kwanza abatizwe. Bwana Dauda akauliza nyumba iko wapi. Ilikuwa ya Phocas. Mkataba ulifungwa palepale kwa kupeana mikono, na kazi inaanza Jumatatu.

Mzee wetu, asante kwa miaka yote hii. Umetufundisha kazi, na umetuvumilia tulipokucheka. Uishi miaka mingi mikavu chini ya paa lako mwenyewe, ukishalitengeneza. Mama Xavérine ameahidi kutuita tuje tulikague.